Sanamu Kubwa Katika Chumba Kidogo: Niliyojifunza Nilipokuwa Mwanachuo wa Sanaa



Kila mwaka, mnaporejea kutoka kwenye mazoezi ya kufundisha, huniletea malalamiko mamoja ambayo sasa nimekwisha kuyazoea. Husema: "Mkufunzi, somo la sanaa haliwezekani katika shule niliyopangiwa. Chumba ni kidogo, watoto ni wengi, kabati hakuna, na kazi zikimalizika hapana pa kuziweka." Kwa hiyo wengi wenu huishia kuwapa watoto karatasi moja na penseli moja, wachore ua au bendera, kisha wakusanye madaftari. Watoto wetu wa Pemba, ambao nyumbani wanajua kusuka pakacha, kufunga kamba na kuchonga dau la kuchezea, wakiingia darasani hawatumii mikono yao kwa lolote isipokuwa kushika penseli.

Sikulaumuni. Nami nilipata kusema maneno hayo hayo. Leo nimeona vema nikusimulieni kisa changu mwenyewe, ingawa sehemu yake ya kwanza ni ya aibu. Mwalimu akificha makosa yake, mwanafunzi wake atalazimika kuyarudia yote upya kwa gharama yake mwenyewe.

Mlango wa sentimita 80

Nilisoma stashahada ya ualimu katika chuo kimoja cha bara, na somo langu la kuchagua lilikuwa sanaa. Karakana yetu ilikuwa chumba kimoja tulichokitumia kwa zamu pamoja na wanachuo wa useremala. Kila mmoja wetu alipewa kipande cha meza, na chini ya kipande hicho ndipo palipokuwa ghala yake. Wenzangu, kwa busara, walifinyanga vyungu na kuchonga vinyago vinavyoenea kiganjani. Mimi nilitaka kufanya kitu kikubwa.

Sababu yangu haikuwa majivuno matupu. Baba yangu alikuwa mchumaji wa karafuu. Nilipokuwa darasa la tano alianguka kutoka juu ya mkarafuu, akavunjika mguu, na tangu siku hiyo hatembei bila fimbo. Mtu asiyeijua Pemba hudhani karafuu ni kijiti cha kutia katika pilau, basi. Hajui kwamba mkarafuu uliokomaa hufika mita 10 na zaidi, kwamba mashada yake huchumwa kwa mkono kabla maua hayajachanua, wala kwamba matawi yake ni mepesi kukatika. Nilitaka mtu asimame mbele ya kazi yangu, ainue kichwa, autambue urefu ule kwa shingo yake mwenyewe. Kitu cha kuwekwa mezani kisingeweza kumfundisha hayo.

Basi nikaanza kuunda sanamu ya mchumaji, amesimama juu ya tawi, mikono ameinyoosha juu. Mifupa ya sanamu ilikuwa ya nondo nyembamba na mabaki ya mbao. Juu yake nilivisha wavu wa kuku, kisha nikaupiga lipu ya saruji na mchanga. Nilifanya kazi usiku, maseremala wakishaondoka, kwa muda wa wiki saba. Kimo chake kilikuwa mita 2.4. Kutoka ncha ya mkono mmoja hadi ncha ya mwingine palikuwa na mita 1.3, na kutoka kifuani hadi mwisho wa tawi nyuma yake palikuwa na sentimita 95.

Jioni ya kuamkia siku ya maonyesho niliwaita wenzangu watatu tuitoe nje. Tukailaza, tukainyanyua kwa taabu, tukafika mlangoni. Mlango ulikuwa na upana wa sentimita 80. Tukaigeuza ubavu, haikupita. Tukaitanguliza miguu, haikupita. Tukaitanguliza kichwa, mikono ikazuia. Hata kama ingepita hapo, mbele yake palikuwa na ujia mwembamba wenye kona, na katika kona ile pasingepita hata meza. Ilipofika saa sita za usiku nilichukua msumeno wa chuma, nikaikata mikono. Saruji ikapasuka mpaka mabegani, wavu ukafumuka na kutoka nje kama miiba ya nungunungu.

Siku ya pili yake wageni walipita ukumbini wakaona mtu asiye na mikono, amesimama juu ya kisiki. Hapana aliyeinua kichwa. Mkufunzi wangu aliizunguka kazi ile mara mbili, akaniambia sentensi moja ambayo hata leo naikumbuka: "Uliipima sanamu, hukuupima mlango."

Hesabu niliyoisahau

Nilipotulia niligundua kwamba mlango ulikuwa kosa la pili tu. Kosa la kwanza lilikuwa la hesabu, tena hesabu ambayo mwalimu wa shule ya msingi hana budi kuijua.

Kabla ya kuanza nilikuwa nimefinyanga kielelezo cha udongo cha urefu wa sentimita 20, chenye uzito wa nusu kilo hivi. Nikajisemea moyoni: "Nitakifanya hiki hiki kuwa kikubwa." Sikujua nilichokuwa nikikisema. Kitu cha sentimita 20 kikifanywa kuwa cha mita 2, urefu wake huongezeka mara 10. Ngozi yake ya nje, yaani eneo utakalolipiga lipu au kulibandika karatasi, huongezeka mara 10 kwa 10, ndiyo mara 100. Ujazo wake, na uzito wake kama hakina uwazi ndani, huongezeka mara 10 kwa 10 kwa 10, ndiyo mara 1,000. Nusu kilo yangu ingekuwa kilo 500. Kumbe kitu kikubwa si kitu kidogo kilichokuzwa. Ni kitu kingine kabisa, nacho hudai mifupa yake, ngozi yake nyembamba, uwazi wake wa ndani na njia yake ya kusafiri.

Naomba mwanachuo aiandike hesabu hiyo katika daftari lake. Atakapoifundisha darasani kwa kutumia vibweta vya kiberiti, kimoja kwa vinane, kisha kwa ishirini na saba, atakuwa amefundisha hisabati na sanaa katika kipindi kimoja.

Neno la baba

Likizo ilipofika nilirudi Pemba, nikamwonyesha baba picha ya kazi ile. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Huyu nani?" akauliza.

"Ni wewe, baba."

Akanirudishia picha. "Mwanangu," akasema, "mimi nilivunjika mguu. Mikono ninayo."

Nikamweleza habari ya mlango. Hakucheka. Baadaye, tulipokuwa tunakunywa chai, aliniambia kwamba hata kama mikono ingebaki, yeye asingependa sanamu yake isimamishwe uani kwa watu. Ninyi mnajua kwamba wazee wengi wa kwetu huona kuwa umbo kamili la kiumbe chenye roho halifai kuundwa kwa mkono wa binadamu. Mimi nilikuwa nimelisahau jambo hilo kwa kuwa chuoni hapana aliyelitaja. Nilikuwa nimemtukuza baba yangu kwa namna ambayo yeye mwenyewe aliiona ni kumdhalilisha. Jambo hilo liliniuma kuliko lile la msumeno.

Pwani kwa fundi

Kwa kuwa sikuwa na kazi, nilizoea kushuka pwani karibu na Wete, mahali ambapo fundi mmoja mzee alikuwa akiunda jahazi. Karakana yake ilikuwa banda la makuti lisilo na kuta. Vifaa vyake vilikuwa tezo, msumeno, keekee, patasi na nyundo. Hakuwa na ramani ya karatasi. Na katika mahali pale ambapo mkufunzi yeyote angepaita pafinyu, alikuwa akiunda kitu kirefu kuliko darasa.

Nilimpa shikamoo, naye akaniitikia, akaniruhusu nimshikie mbao. Baada ya siku kadhaa nilimsimulia habari ya sanamu yangu na mlango. Akaacha kuranda.

"Mjukuu wangu," akasema, "mimi chombo changu huanza kukishua siku ile ninapolaza mkuku."

Nikatazama pale alipoulaza mkuku. Omo ilielekea bahari. Banda lilisimama juu kidogo tu ya alama ya maji ya bamvua, ili maji makubwa ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo yatakapokuja, chombo kiwe na safari fupi ya kuteleza juu ya magogo. Hakuweka ukuta upande wa bahari. Mataruma yalifungwa kwanza, nayo yakatoa umbo zima la chombo wakati chombo chenyewe bado ni uwazi mtupu. Kisha mbao zikafuata moja moja, na pamba ya kalafati ikazibwa katika nyufa. Kila kipande kiliweza kubebwa na watu wawili. Jahazi zima lingeweza kubebwa na bahari tu, na fundi alilijua hilo tangu mwanzo.

Wahenga wetu husema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mimi nilikuwa nimekwenda mbali kujifunza sanaa ya vitu vikubwa, nikarejea kuikuta imelala mchangani kwetu. Na si majahazi peke yake. Nyumba ya udongo ni fito zilizofungwa kwa kamba, kisha zikakandikwa. Hiyo ni mifupa na ngozi, njia ile ile ambayo vitabu vya sanaa huieleza kwa maneno makubwa. Watoto wetu wameiona tangu kuzaliwa.

Walivyofanya wengine

Niliporudi chuoni niliingia maktaba nikiwa na swali moja tu: watu wengine waliozidiwa na ukubwa wa kazi zao walifanyaje? Nilifarijika sana kwa majibu.

Michelangelo alichonga sanamu yake ya Daudi huko Florence kati ya mwaka 1501 na 1504, katika ua wa karakana ya kanisa kuu la mji. Kimo chake ni mita 5.17. Ilipokwisha, ilibidi ukuta ulio juu ya lango ubomolewe ili ipite, na kuifikisha kwenye uwanja wa mji kulichukua siku nne. Hata fundi mkubwa kama yule alizuiwa na mlango! Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na mji uliokubali kubomoa ukuta.

Sanamu ya Uhuru ya New York, ambayo yenyewe ina kimo cha mita 46, iliundwa Ufaransa na Bartholdi. Ngozi yake ni mabati membamba ya shaba juu ya mifupa ya chuma aliyoibuni Eiffel. Mwaka 1885 ilivuka bahari ikiwa vipande 350 katika makasha 214, na mwaka 1886 ikazinduliwa. Kitu kile kikubwa kilisafiri kama shehena ya kawaida.

Karibu zaidi nasi, wachongaji wa Kimakonde hufungwa na unene wa gogo la mpingo, mti mgumu na mzito ambao huzama majini. Hawawezi kupanua kazi zao, basi huzipandisha. Katika vinyago vya mtindo wa ujamaa watu hupandana, huyu begani kwa yule, kizazi juu ya kizazi, na gogo jembamba likabeba ukoo mzima. Kumbe kitu kikubwa si lazima kiwe kipana.

Na huko Makerere, mafunzo ya sanaa yaliyokuja kuwa chuo mashuhuri cha Afrika Mashariki yalianza mwaka 1937 katika baraza ya nyumba ya Bibi Margaret Trowell. Miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo alikuwa Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya, ambaye baadaye aliunda Mnara wa Uhuru wa Kampala wa mwaka 1962, umbo refu la zege la mama anayemwinua mtoto juu. Kila mwanachuo anaponiambia kwamba shule yake haina chumba cha sanaa, mimi humwuliza kama ina baraza.

Mkarafuu wa vipande

Katika mwaka wa mwisho nilianza tena, na safari hii nilianza kwa utepe wa kupimia. Nilipima mlango, ujia, mvungu wa kitanda changu na buti ya basi. Kipimo kidogo kuliko vyote kilikuwa mvungu. Basi nikaweka sharti kwamba kipande chochote kisizidi urefu wa sentimita 80 wala unene wa sentimita 30.

Mtu nilimwacha. Niliunda mkarafuu wenyewe: shina, matawi manane, pakacha lililotundikwa katika tawi, na ngowe ya kuvutia mashada. Shina lilikuwa na vipande vitano vya sentimita 80. Kila kipande kilikuwa duara tupu la fito za mianzi zilizofungwa kwa kamba ya usumba. Juu yake nilibandika vipande vya gunia na karatasi vilivyochovywa katika uji mzito wa unga wa muhogo, tabaka baada ya tabaka, kila moja likikauka kabla ya jingine. Mwisho nikapaka rangi ya mafuta iliyobaki katika ujenzi wa bweni.

Kila kipande cha juu kilikuwa chembamba kidogo kuliko cha chini yake. Kwa hiyo wakati wa kusimamisha kiliingia sentimita 10 ndani ya mwenziwe, kikazuiwa na vigingi viwili vya mti, na shina zima likafika mita 3.6. Wakati wa kuhifadhi, vipande vyote vitano viliingiana kama sufuria za dukani, vikachukua nafasi ya kimoja. Mti mzima ulilala chini ya kitanda changu miezi mitatu, na mwenzangu wa chumbani hakupata sababu ya kulalamika.

Siku ya maonyesho sikuomba nafasi ukumbini. Dari la ukumbi lingeunyima mti urefu wake. Niliusimamisha nje, nikatia mawe katika kipande cha chini na kuukaza kwa kamba tatu, kwa muda wa dakika 20 hivi. Watu waliopita waliinua vichwa. Nilipata nilichokuwa nikikitafuta tangu mwanzo.

Lakini mtihani wangu haukuwa pale. Nilipomaliza chuo niliutia mti ule katika magunia mawili, ukapanda basi, ukapanda meli, ukashuka Mkoani pamoja na mizigo ya watu. Nyumbani niliusimamisha uani, penye majamvi tunayoanikia karafuu. Baba alitoka na fimbo yake. Aliuzunguka mti pole pole, akiyagusa matawi anayoyafikia. Alipofika kwenye tawi nilipolitundika pakacha, alisimama.

"Tawi hili," akasema, "limetoka nje mno. Limezaa sana, lakini halina nguvu. Hapa ndipo mtu anapodanganyika."

Kisha akaketi juu ya jamvi, akatusimulia siku ile aliyoanguka: saa ngapi ilikuwa, nani alikuwa chini, alifikiri nini alipolisikia tawi likilia. Miaka mingi ilikuwa imepita, na mimi mwanawe sikuwahi kuyasikia maneno hayo. Sanamu ya kwanza ilikuwa na sura ya mtu, naye hakujiona ndani yake. Katika hii ya pili hapakuwa na mtu, naye alijiona mara moja.

Mambo ya kuzingatia darasani

Sasa nikiwa mkufunzi nimeifuata njia hii pamoja na wanachuo katika shule za mazoezi. Mwaka mmoja mwanachuo mmoja na darasa lake la watoto zaidi ya 70 waliunda jahazi la mita 4 kwa fito, makuti, maboksi na magunia. Vikundi vilikuwa kumi, na kila kikundi kiliunda sehemu moja: omo, tezi, mlingoti, tanga, na kadhalika. Hakuna mtoto aliyeliona jahazi zima mpaka siku ya wazazi, lilipounganishwa uwanjani. Mtoto mmoja, aliyetengeneza kipande cha ubavu tu, alisimama kando ya kipande chake asubuhi nzima, akamwonyesha kila mgeni.

Kutokana na kazi hiyo na nyingine, yafuatayo yafaa yazingatiwe na mwalimu:

1. Anza na njia ya kutokea. Kabla ya kuchagua umbo, pima mlango, dirisha, na mahali pa kuonyeshea. Watoto wenyewe wapime, kwani hilo ni somo la vipimo.

2. Fanya kielelezo kidogo kwanza, kisha kizidishe kwa kipimo kinachojulikana, mathalani 1 kwa 10. Kielelezo ndicho ramani ya vikundi vyote. Kila kikundi kikifuata kipimo chake cha kubuni, vipande havitakutana.

3. Gawa kazi katika vipande ambavyo mtoto wa darasa husika anaweza kukibeba kimoja peke yake. Hicho ndicho kipimo cha usalama kilicho bora kuliko vyote.

4. Tumia mifupa na ngozi, wala usijaze ndani. Fito, makuti, kamba ya usumba, vifuu, magunia na karatasi zilizotumika vyapatikana bila fedha. Saruji na chuma waachie mafundi. Mikoko usiwatume watoto kuikata, kwa maana miti hiyo ndiyo ukuta wa pwani yetu na malezi ya samaki wetu.

5. Tazama majira. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, karatasi na uji wa unga havikauki, huota ukungu. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilipoteza nyangumi mzima kwa sababu hiyo. Chagua miezi ya jua, na kila tabaka lianikwe kama karafuu inavyoanikwa.

6. Tafuta nafasi juu. Darasa lisilo na kabati lina kenchi. Vipande vyepesi vikifungwa kwa kamba hukaa salama juu ya vichwa vya watoto, na sakafu hubaki huru. Fundo la kamba alikague mwalimu mwenyewe kila asubuhi.

7. Onyesha nje. Baraza, uwanja, kivuli cha mwembe, hata majamvi ya karafuu baada ya msimu, vyote ni kumbi za maonyesho. Kazi kubwa haipendi dari.

8. Waulize wazee kabla hujaanza. Mwanachuo wangu mmoja aliwahi kuwaanzisha watoto kuunda askari wa mita 2, na siku ya tatu babu wa mtoto mmoja akaja shuleni, kwa upole, kuuliza. Mwanachuo alitaka kubishana. Nilimshauri amkaribishe mzee yule kiti, amsikilize, na amwombe ashauri umbo jingine. Mzee alichagua kisima cha kijiji na ndoo yake. Watoto wakakiunda kwa furaha, na mzee akaja siku ya maonyesho na jamaa zake wote. Mwalimu hakupungukiwa na kitu. Vyombo, miti, nyumba, visima, madema ya kuvulia: maumbo tuliyonayo ni mengi kuliko maisha ya mwalimu mmoja.

Kwa kumalizia, ndugu wanachuo, sisemi kwamba vyumba vidogo ni neema. Vyumba vikubwa ni bora, nasi tuendelee kuviomba. Nasema tu kwamba mtoto aliyeko darasa la tatu leo hataweza kusubiri mpaka chumba kijengwe. Mwakani atakuwa darasa la nne. Ufinyu wa chumba ni kipimo kama vile urefu na upana ni vipimo, na kazi ya mwalimu ni kukijua kipimo hicho mapema na kukitumia.

Mkarafuu wangu ulichakaa zamani, kama karatasi inavyochakaa. Kipande kimoja kimebaki, nacho ni lile tawi lililotoka nje mno. Baba hakutaka litupwe. Amelitundika barazani kwake, na vijana wanapokwenda kuchuma msimu ukifika, huwaita, akawaonyesha.

Mtakapokwenda kwenye mazoezi muhula ujao, chukueni utepe wa kupimia. Siku ya kwanza, kabla hamjaandika azimio la kazi, pimeni mlango.